Daftari la Chama si la Karani Peke Yake

Nina swali moja la kukuuliza kabla hujaendelea kusoma. Chama chenu cha maziwa kilipokea lita ngapi jana jioni? Sisemi mwezi uliopita, wala sisemi jana kutwa. Nasema jana jioni. Ikiwa wewe ni mwanachama wa kawaida huenda hujui, na hiyo si aibu. Lakini mwulize mwenyekiti wako. Kisha mwulize meneja. Ikiwa wote wawili watakutazama tu, au watakuambia kwamba yalikuwa "mengi kiasi", basi maneno haya yameandikwa kwa ajili yenu, maana chama chenu huamua mambo ya fedha zenu kwa kukisia.

Mimi nilikaa katika halmashauri ya chama cha maziwa cha skimu yetu kwa miaka sita. Jina la chama silitaji, kwa kuwa wengi niliokaa nao bado ni majirani zangu na tunakutana njiani kila siku. Tulikuwa watu tisa. Hatukuwa wezi, na hatukuwa wajinga. Nasema hivyo kwa sababu wanachama walipokasirika walituita majina hayo yote mawili, na kwa muda mrefu mimi mwenyewe sikuweza kueleza jinsi watu tisa wenye akili timamu walivyopoteza fedha nyingi mchana kweupe, mihutasari yote ikiwa imeandikwa na kutiwa sahihi.

Mambo yalikuwa hivi. Mwezi wa Juni mwaka 2014 meneja alituletea taarifa yake ya mwezi wa Mei. Ilikuwa karatasi moja safi. Ilisema chama kimepokea lita 93,000. Mtu mmoja akagawanya kwa siku 31, akapata lita 3,000 kwa siku. Tulifurahi sana. Siku zile tulikuwa na taabu ya maziwa kuharibika, na mara kwa mara kiwanda kiliyarudisha. Mwanachama mmoja wa halmashauri akasema dawa yake ni tangi la kupoza maziwa. Mwingine akasema, ikiwa leo tuna lita 3,000, baada ya miaka miwili tutakuwa na 5,000, basi tusinunue tangi dogo ambalo litatuaibisha. Jambo hilo lilitupendeza. Tukakopa fedha, tukanunua tangi la lita 5,000 pamoja na jenereta yake, na malipo ya mkopo yakawa shilingi 110,000 kila mwezi. Tukakubaliana kukata shilingi 2 katika kila lita ya mkulima mpaka deni liishe.

Tangi lilikuja mwezi wa Septemba. Watoto wa shule waliletwa kulitazama.

Sasa sikiliza jambo ambalo hatukujua. Ng'ombe wa kwetu hukamuliwa mara mbili. Maziwa ya asubuhi yalikuwa yakichukuliwa na gari letu na kufika kiwandani saa tatu, kabla jua halijawa kali. Hayo hayakuharibika. Yaliyoharibika yalikuwa ya jioni, ambayo yalilala katika mitungi mpaka kesho yake. Katika zile lita 3,000 za kila siku, maziwa ya jioni yalikuwa lita 700 tu. Na mwezi wa Mei ndio mwezi wa neema, majani yamejaa kila mahali. Mwezi wa Februari wa mwaka ule ule wa 2014 chama kilikuwa kimepokea lita 36,400 kwa siku 28. Fanya hesabu wewe mwenyewe: ni lita 1,300 kwa siku. Na ya jioni yalikuwa 250.

Tangi la lita 5,000 likitiwa lita 250, maziwa hufunika sakafu yake tu. Kile chuma cha kukorogea hakiyafikii vizuri. Yaliyo chini kabisa hushikwa na baridi mpaka yakaganda barafu, na ya juu hubaki na joto. Maziwa hutakiwa yashuke mpaka digrii 4 na yote yawe sawa; yetu yalikuwa barafu na uvuguvugu katika chombo kimoja. Basi mwezi wa Februari mwaka 2015 tulikuwa na tangi jipya, jenereta mpya, bili ya umeme, na maziwa bado yanarudishwa.

Mkopo nao haukungoja mvua. Lita 1,300 kwa siku 30 ni lita 39,000. Ukikata shilingi 2 unapata shilingi 78,000, na benki inataka 110,000. Tukapandisha makato yakawa shilingi 3. Wakulima walipoona hivyo, wengine wakaanza kuwauzia wachuuzi wa pikipiki maziwa ya jioni, maana mchuuzi hakati kitu. Maziwa yakapungua tena. Nafikiri huhitaji nikuambie yaliyofuata.

Lakini jambo linalonifanya niandike si tangi. Ni hili: kila tarakimu niliyokutajia hapa ilikuwa imeandikwa tayari siku tulipokaa kuamua. Karani wa kila kituo alikuwa na karatasi yake, na karatasi hiyo ilikuwa na safu ya asubuhi na safu ya jioni, na jina la kila mkulima na njia anayotoka. Kazi ile ilifanywa kila siku, mvua ikinyesha au jua likiwaka. Kisha karatasi zilifika ofisini, zikajumlishwa pamoja, jumla moja ikapelekwa kwa halmashauri, na karatasi zenyewe zikatiwa katika gunia na kuwekwa ghalani kwa panya. Habari tulikuwa nazo. Tulizilipia mishahara. Tulizijumlisha mpaka zikapoteza maana.

Wazee husema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, na mali iliisha vilevile.

Kwa hiyo mtu akiniambia leo kwamba chama chake kimenunua kompyuta, humwuliza kwanza: mnaiuliza nini? Siku hizi vyama vingi vina kompyuta, na mizani ya umeme inayotoa risiti hapo hapo kituoni, kama ile ambayo wakulima wa chai wameizoea kwenye vituo vya kununulia majani. Ni vitu vizuri. Mizani ile haimwonei haya mwenyekiti, haimpendelei shemeji ya karani, na mkulima huenda nyumbani na karatasi yake mkononi. Lakini kompyuta ikiambiwa ijumlishe asubuhi na jioni pamoja, itajumlisha, tena upesi kuliko sisi. Upumbavu wetu wa mwaka 2014 ungalikuwa umepigwa chapa kwa rangi.

Yafaa tuanze na uamuzi, kisha turudi nyuma kutafuta habari. Ungekuwa ndiwe uliyekaa katika kiti changu siku ile, ungeuliza: tunataka kuamua nini? Tunataka kuamua ukubwa wa tangi. Tangi hupoza maziwa gani? Yale yanayolala. Yanayolala ni kiasi gani katika mwezi mbaya, na ni kiasi gani katika mwezi mzuri? Maswali hayo matatu tu. Karani angekaa na gunia lake siku mbili na majibu yangepatikana kwa penseli. Tungenunua tangi la lita 1,000, na labda leo ningekuwa bado nasalimiana na watu wote.

Jambo la pili ni vipimo vyenyewe. Hapa lazima nikueleze habari ya dereva wetu, ingawa inaniuma.

Kituoni tulipima maziwa kwa mizani, yaani kwa kilo. Karani aliandika kilo moja kama lita moja, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa na karani aliyemtangulia. Kiwanda kilipima kwa lita. Kila mwezi maziwa yaliyofika kiwandani yalikuwa pungufu kuliko yaliyoondoka kwetu, na upungufu wenyewe haukubadilika sana: kama lita 3 katika kila 100. Tulitafuta mwizi. Anayeondoka na maziwa ni nani? Ni dereva. Tukamwonya mara mbili, mara ya tatu tukamfukuza. Dereva mpya akaja, na lita 3 zikaendelea kupotea katika kila 100.

Ndugu mkulima, lita moja ya maziwa ina uzito wa kilo 1 na gramu 30 hivi. Maziwa ni mazito kuliko maji. Ndiyo sababu ile laktometa ya karani huelea juu zaidi katika maziwa safi na kuzama katika maziwa yaliyotiwa maji. Basi kilo 100 za maziwa ni lita 97. Hakuna aliyeiba. Tulikuwa tukilinganisha vitu viwili visivyolingana na kuita tofauti yake wizi. Jambo hilo lilionwa na msichana aliyekuja ofisini kwa mafunzo ya kazi ya miezi mitatu, katika juma lake la kwanza. Tulimwita yule dereva tukamwomba radhi. Alitusikiliza mpaka mwisho, akatushukuru, na hakurudi kazini.

Ikiwa unataka kujua hali ya chama chako, usianze na hesabu za benki. Nenda kituoni, utazame karani akipima, umwulize anaandika kilo au lita. Kisha nenda ofisini uulize swali lile lile. Majibu yakiwa mawili, umekwisha kupata kazi ya mkutano mkuu.

Wengine mtasema: mzee, vyama vyetu vilianza zamani bila mambo haya. Si kweli. Vyama vya skimu vilianza na daftari, na daftari lile lilikuwa na nguvu kuliko mwenyekiti. Wengi wetu ni watoto na wajukuu wa watu walioingia katika mashamba haya tangu mwaka 1962, serikali ilipoanza kununua mashamba ya walowezi ili kugawa kiasi cha ekari milioni moja. Familia zipatazo 35,000 zilipata ardhi katika mpango huo. Kila aliyeingia aliingia na deni, deni la ardhi na deni la maendeleo, na kwa kila skimu maafisa walikuwa wamepanga katika karatasi faida ambayo mkulima angepata baada ya kula na kulipa mkopo: katika skimu nyingine pauni 25 kwa mwaka, katika nyingine pauni 100. Fedha za kulipia mkopo zilikatwa na chama katika malipo ya maziwa au ya pareto, kabla mkulima hajaziona. Basi karani aliyesahau kuandika makato ya mwezi mmoja hakupoteza wino tu. Hati ya shamba haikutolewa mpaka Mfuko wa Makazi uone kwamba deni limekwisha. Ziko nyumba ambazo baba alilipa, akazeeka, akafa, na watoto wakabaki wakitafuta karatasi ya kuonyesha kwamba alilipa. Ukiwa na kadi za zamani za mzee ndani ya sanduku, usizitupe.

Na wale waliolima pareto wanakumbuka kwamba haikulipiwa kwa uzito peke yake. Maua yalipimwa Nakuru kujua kiasi cha dawa iliyomo ndani yake. Watu wawili wakipeleka magunia sawa waliweza kupata fedha mbalimbali. Aliyerudi nyumbani na kusema "wameniibia" alibaki palepale. Aliyeuliza kwa nini kipimo chake ni cha chini aliambiwa labda huchuma maua kabla hayajafunguka vizuri, au huyakausha vibaya, akabadili. Karatasi ile ile iliwafikia wote wawili.

Sasa nirudi kwetu. Mwaka 2018 tuliuza tangi kwa chama kingine chenye maziwa mengi kuliko sisi, kwa hasara, tukanunua dogo. Yule msichana aliyegundua mambo ya kilo na lita aliajiriwa kuwa karani wa hesabu. Aliomba kompyuta moja, akaomba na lile gunia. Ilimchukua miezi minne kuingiza karatasi za miaka mitatu ambazo panya walituachia. Alipomaliza hakutuletea karatasi moja safi kama zamani. Alileta karatasi tatu, kila moja kwa mtu wake.

Ya kwanza ilikuwa ya meneja, na ilitoka kila siku kabla ya saa nne. Haikuwa na jumla kubwa kubwa. Ilikuwa na majina ya wakulima ambao maziwa yao ya siku ile yamepungua ghafla kuliko kawaida yao. Mtu aliyezoea kuleta lita 14 akileta 6 siku tatu mfululizo, kuna jambo: ng'ombe ana ugonjwa wa matiti, au ameacha kula, au mchuuzi amefika. Meneja humpigia simu siku ile ile. Zamani tulijua mwisho wa mwezi, ng'ombe akiwa amekwisha kuharibika chuchu. Habari iliyochelewa hufaa kwa kumbukumbu tu.

Ya pili ilikuwa ya halmashauri, mara moja kwa mwezi: asubuhi peke yake, jioni peke yake, kila njia peke yake, na mwezi kama huo wa mwaka jana na wa mwaka juzi kando yake. Hapo ndipo tulipoona kwamba gari letu lilikuwa likienda kilomita 14 na kurudi 14, katika barabara mbovu, kuchukua lita 60. Tulikuwa hatujui. Tulijua tu kwamba mafuta ya gari ni ghali. Tuliongea na kijana wa bodaboda wa upande ule ayalete katika mitungi miwili, na gari likapumzika. Hapo pia ndipo tulipoona jinsi kiangazi kinavyotuangusha kila mwaka kwa kiasi kile kile karibu, kana kwamba ni jambo geni kila Januari. Tulipoliona katika mstari mmoja uliochorwa, unaopanda na kushuka kama milima ya Aberdare, wajumbe wawili waliokuwa wakipinga mambo ya nyasi kavu walinyamaza. Mwaka uliofuata chama kilinunua nyasi kavu mwezi wa Juni zilipokuwa rahisi, kikawakopesha wanachama mwezi wa Januari.

Ya tatu ni ya mkutano mkuu, na sitaisema sana. Inafaa iwe fupi, iandikwe kwa Kiswahili, na wanachama waipate kabla ya siku ya mkutano. Mtu aliyepewa kurasa 40 mlangoni hawezi kuuliza neno, na wako viongozi wanaolijua hilo vizuri.

Utaona kwamba mimi sisifu mashine. Nasifu maswali. Mashine ina taabu zake. Kwetu watu watatu walikuwa wakitumia neno moja la siri, na siku hesabu ya mkulima mmoja ilipobadilishwa usiku hatukuweza kujua ni mkono wa nani. Sasa kila mmoja ana lake, na kompyuta huandika nani aligusa nini na saa ngapi. Umeme hukatika. Kwa hiyo kituoni daftari la karatasi bado lipo, na nakala ya hesabu hutunzwa mahali pengine mbali na ofisi. Kompyuta ya chama jirani iliibwa pamoja na hesabu zote za mwaka. Mezani kilibaki kifaa cha kuonyeshea picha tu, maana mwizi alikiona kizito.

Kuna na jambo la siri za watu. Wakulima wengine hukataa kuandikisha idadi ya ng'ombe wao, wakihofu kodi au macho ya majirani. Mwaka 2023 serikali ilipoandikisha wakulima nchi nzima, ili wapewe mbolea ya bei nafuu kwa ujumbe wa simu, wapo waliotaja ekari pungufu na wengine wakaongeza. Nawaelewa. Lakini ukitaja ekari moja nawe unalima tatu, mbolea yako itahesabiwa kwa ekari moja, na mipango ya kaunti nzima itahesabu vivyo hivyo. Kwa upande mwingine, chama hakina ruhusa ya kubandika ukutani deni la kila mtu. Tangu mwaka 2019 Kenya ina sheria ya kulinda habari za watu: una haki ya kujua chama kimeandika nini juu yako, na haki ya kutaka kosa lisahihishwe. Itumie. Nenda uombe kurasa yako uisome.

Na kwako nyumbani? Hapo nitakuwa mkali kidogo, maana wako wanaopenda kuishtaki halmashauri wakati wao wenyewe hawana hata kipande cha karatasi zizini. Chukua ng'ombe wawili. Wa kwanza akizaa hutoa lita nyingi, majirani huja kumtazama, lakini baada ya miezi mitano amekauka. Tuseme kwa siku 150 alikupa wastani wa lita 12. Hiyo ni lita 1,800. Wa pili hana sifa, hutoa wastani wa lita 9, lakini huendelea siku 300. Hiyo ni lita 2,700. Ukihitaji karo ya shule utauza yupi? Bila daftari, naapa utauza wa pili. Nimeona mtu akifanya hivyo, na mtu huyo alikuwa mimi.

Andika siku ng'ombe alipopandishwa. Joto likipita bila kuonekana unangoja siku 21 nyingine, na siku hizo unamlisha bure. Ukiwa na simu, hata ile ndogo ya kitufe, inaweza kukukumbusha. Tangu mwaka 2011 kuna huduma iitwayo iCow, iliyoanzishwa na Mkenya Su Kahumbu, ambayo ilianza kwa kuwatumia wakulima ujumbe mfupi juu ya siku za ng'ombe wao. Malipo nayo hupita katika simu tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, na kila malipo huacha alama. Lakini kalenda ya ukutani na penseli iliyofungwa kwa uzi hufanya kazi ile ile. Bwana Mifugo siku hizi yuko chini ya serikali ya kaunti, na ana wakulima wengi mno wa kuwatembelea. Akifika kwako mara moja kwa mwaka na akukute na kalenda hiyo, atakusaidia kwa nusu saa kuliko anavyomsaidia jirani yako kwa siku nzima.

Mara nyingine huambiwa kwamba habari zikiwa nyingi, halmashauri haina kazi tena, tarakimu zitaamua zenyewe. Aliyesema hivyo hajakaa katika mkutano wetu. Mwaka jana karatasi zilionyesha wazi kwamba kituo kimoja hakijilipii. Maziwa yake hayatoshi mshahara wa karani wake. Tarakimu zilisema kifungwe. Lakini kituo hicho kiko upande wa wajane wengi na wazee, ambao hawawezi kubeba mtungi kilomita tano. Tulibishana saa tatu. Mwishowe kilibaki, karani wake akafanya kazi asubuhi tu, na wanachama wote wanajua ni senti ngapi za kila lita yao zinazokitunza. Zamani tungalikitunza vilevile, lakini bila kujua, kisha siku moja tungalisema ni wizi.

Mimi si mjumbe wa halmashauri tena, lakini bado napeleka maziwa. Mwaka huu chama kinafikiria tangi la pili, kwa sababu maziwa ya jioni yameongezeka. Meneja alitaka uamuzi ufanywe mwezi wa Mei, majani yakiwa mengi. Wanachama tulikataa. Tutaamua Februari, jua likiwa kali, na nimekwisha kumwomba karani anitolee nakala ya safu ya jioni peke yake.